Zamu ya Mashine ya Geti

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba nilikuwa nafika getini kabla ya kuondoka uhasibu. Kila alasiri nilipeleka chai. Kioo cha kompyuta ya uhasibu kilisema saa tisa na dakika kumi. Navuka uwanja wa malori na sinia mkononi, nafika kibanda cha geti, na kioo cha pale kinasema saa tisa kasoro ishirini. Asubuhi, zikishawashwa, saa zote mbili zilikuwa sawa. Mchana ile ya geti ilibaki nyuma kidogo kidogo, na siku nyingine mashine iliganda kabisa mpaka izimwe na kuwashwa.

Sikumwambia mtu. Niliacha shule darasa la tano, na pale nilikuwa mtu wa ufagio na birika. Nilidhani labda kompyuta zina saa zao.

Kwenye kibanda cha geti alikaa dada Helena. Ni mtu wa Mbeya, mumewe mwalimu, nyumba yao ipo mtaa wa Rahaleo. Yeye ndiye aliyeandikisha kwenye kompyuta kila lori la korosho lililoingia ghalani kwetu, karibu na bandari. Lori likifika kabla ya saa kumi jioni linapakuliwa siku hiyo. Likichelewa linalala nje. Aliniita mdogo wangu Somoe. Alinitania kwamba nikizidi kunyamaza, siku moja watanitundika dirishani wakidhani ni pazia.

Mwezi wa kumi mwaka 2008, msimu ukiwa umechanganya, mkuu wetu bwana Gideoni alilinganisha daftari la mlinzi na kumbukumbu za kompyuta. Malori kumi na moja yaliyofika baada ya saa kumi yalikuwa yameandikwa kwamba yamewahi. Alimwita Helena mbele yetu sote, akamwambia amerudisha saa nyuma ili kuwapitisha anaowajua. Helena alisema hajawahi kuigusa. Akaambiwa akae nyumbani, asitoke mjini, mpaka fundi aje kutoka Dar es Salaam. Fundi akithibitisha, suala linakwenda polisi.

Nilikuwa nimesimama na sinia. Nikakumbuka saa tisa kasoro ishirini. Nilijua pale pale, na mdomo haukufunguka.

Kompyuta ya geti ikafungwa, mimi nikapewa daftari na kalamu. Bwana Gideoni alisema kuandika namba ya lori na saa si kazi ya kudai cheti. Nikakaa kwenye kiti cha Helena. Kibanda kile ni chembamba, ukishaketi meza inakubana tumboni, na dunia yote inakuja kupitia tundu la kupitishia karatasi. Madereva waliniita karani. Jioni nilipita kwa Helena. Alikuwa amefunga mlango wa mbele kwa ajili ya majirani, anakaa uani na watoto, hata sokoni alimtuma mtu. Kila siku aliniuliza ofisini wanasemaje, na kila siku nilimjibu kwamba bado.

Siku ya tisa akaja fundi, kijana aitwaye Erasto. Alijifungia kwenye chumba cha seva, ile mashine kubwa ya ofisi, chumba kisicho na dirisha, baridi tupu. Nilipompelekea chai asubuhi hiyo, malori hayajaanza kuingia, alikuwa anachora kwenye kipande cha boksi, akanieleza kana kwamba anajieleza mwenyewe. Mashine kubwa ni moja, mezani kwetu ni vioo vyake tu, lakini ndani yake zinaishi kompyuta tatu: ya geti, ya uhasibu na ya barua za mkuu. Kila moja inadhani iko peke yake. Zinatumia prosesa nne, ambazo ndizo bongo zenyewe, na juu yake kuna programu ya kugawa zamu.

“Isiyo na zamu inasimamishwa,” alisema, “na haijui kama imesimamishwa. Ikiamshwa inaendelea pale pale. Dakika zilizopita huku nje, nyingine inazipoteza.”

Akilini nikamwona Helena uani kwake. Erasto akasema kinachomshangaza ni kwamba mwezi wa nane geti liliongezewa prosesa, kutoka moja hadi zote nne, kwa amri ya mkuu, kwa sababu geti ndiyo kazi ya kampuni. Ingepaswa kwenda kasi.

“Inazitaka zote nne kwa pamoja?” nikauliza. Sauti yangu ilinishtua.

“Kwa pamoja. Programu hii ni ya zamani, haiipi zamu mpaka nne zote ziwe wazi.”

“Basi haipati, kaka. Bomba la mtaani kwetu Chikongola lina koki nne. Mwenye ndoo moja anakinga popote palipo wazi. Anayesubiri koki nne ziachwe kwa pamoja atashinda pale kutwa. Ikiachwa moja, mwingine kashaweka ndoo.”

Akachora koki nne kwenye boksi lake.

“Haya umesomea wapi?”

“Bombani.”

Akacheka. Halafu akauliza kama kuna mtu aliyeiona saa ya geti ikichelewa. Nikamwambia mimi, tangu mwezi wa nane, kila siku ya chai. Alinipeleka kwa bwana Gideoni nikarudia maneno yale, nikitazama sakafu. Geti likabakishiwa prosesa moja. Siku hiyo likafanya kazi bila kuganda, na hadi jioni saa yake ilikwenda sawa na ya uhasibu. Bwana Gideoni hakuomba radhi. Alisema Helena aje kesho.

Alikuja, nami nikarudi kwenye birika. Alinikumbatia mbele ya madereva. Mpaka leo kila Krismasi ananiletea pilau, na anawasimulia wageni kwamba Somoe alizidiwa na aibu siku nane, ya tisa akaishinda.

Sivyo, dada Helena. Aibu ilikuwa ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikuwa nakuja uani kwako na jibu lako mdomoni, naondoka nalo, kwa sababu nilitaka kukalia kiti chako siku moja zaidi. Na kila siku nilitaka moja zaidi.