Jezi Tatu za Timu ya Rafiki

Timu ya Rafiki ilianza msimu wa tisini na tano na jezi za kijani, na mwenye kosa alikuwa Adija, maana yeye ndiye aliyechagua kitambaa. Kuchagua nako ni neno kubwa. Adija alikuwa na cherehani moja barazani kwake, avenyu ya kumi na mbili, Buyenzi, na kitambaa alichokuwa nacho siku ile kilikuwa kile kilichobaki kwenye mapambo ya Maulidi. Akakata jezi kumi na sita, akazitia kola nyeupe, akaona zimependeza. Sasa nani angemlaumu? Mwanawe Ilias, winga wa kulia, alivaa yake akazungukazunguka mbele ya kioo cha kabati mpaka mama yake akamwambia aivue kabla hajaichafua.

Lakini mwaka ule Bujumbura hapakuwa na rangi iliyokuwa rangi tu. Kijani kilikuwa cha chama hiki, nyekundu ya chama kile, na wale vijana wa kwenye vizuizi, na magurunedi yao mifukoni, hawakuwa na muda wa kusikiliza habari za Maulidi. Buyenzi watu walikuwa bado wamechanganyika, msikiti na kanisa, kabila hili na lile, na timu ilikuwa hivyohivyo. Golikipa wao, Aloys, alikuwa mtoto wa katekista. Ukitoka tu nje ya mtaa, basi, unapimwa kwa sura, kwa jina na kwa nguo.

Mechi ya pili walirudi kwa miguu, wakasimamishwa kizuizini. Bonfils, beki, aliyekuwa mbele kwa sababu ya miguu yake mirefu, alipigwa kitako cha bunduki taya likavunjika. Walimwita mfuasi wa chama ambacho hata hakuwahi kukipigia kura, kwa kuwa umri wa kupiga kura alikuwa hajaufikia. Huo ndio upuuzi tuliokuwa tunaishi nao.

Adija alipomwona Bonfils kafungwa kichwa kizima kwa kanga, hakulala raha tena. Ilias ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Baba yake alitoka Oktoba ya tisini na tatu, mauaji yalipoanza, kwenda Buterere kutafuta mchele, na hadi leo hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Adija hakupata hata kaburi la kwenda kusimama. Kwa hiyo ukimwona mwanamke yule anamfokea mwanawe kwa kuchelewa robo saa, usimwone mkali, alikuwa na hofu mpaka kwenye vidole.

"Acha mupira," alimwambia.

"Mama, nikiacha nitafanya nini? Nikae hapa nangoja wanikute nyumbani?"

 Shule zilikuwa zimefungwa, kazi hamna.

Mwenyekiti wa timu, Atumani, muuza vitambaa sokoni, akaleta ujanja wake. Mechi tatu zinazofuata, alisema, ziko upande wa wale wanaochukia kijani, basi tuwavalishe vijana nyekundu, watapita kama wako kwao. Watu wazima wakaitika kwa vichwa, na mimi siwacheki, tulikuwa tumeishiwa. Adija akashona nyekundu. Mechi ya kwanza wakapita vizuri, wakapigiwa hata makofi. Ya pili, uwanja ukahamishwa asubuhi ileile kwa ajili ya risasi, ukapelekwa upande wa pili wa mji, na jezi za kijani zilikuwa zimeshachomwa moto, zisije zikakutwa. Wakaenda na nyekundu. Kurudi, Sébastien, beki wa kushoto, alitolewa kwenye mstari kizuizini, mbele ya wenzake. Alipatikana siku mbili baadaye kando ya mto Ntahangwa, bado ameivaa.

Adija aliitazama cherehani yake siku ile akaichukia. Alisema waziwazi, mbele ya mama yake Sébastien, kwamba ni yeye aliyemvalisha mtoto wa watu kifo. Yule mama akamsogezea mkeka akae, na Adija aliona bora angetukanwa.

Vijana wakasema hawaachi. Zimebaki mechi tano, wanacheza hata vifua wazi. Adija akawaambia wampe siku mbili. Alitaka nyeupe tupu, isiyo na mstari wala ua, ambayo hakuna chama kitaidai. Lakini sokoni kulikuwa na vitenge vya maua tu, kwani malori yalikuwa yanachomwa njiani. Bafta nyeupe ilikuwa sehemu moja tu, na mtaa mzima ulijua ni wapi. Ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha Bibi Sijaona, muosha maiti.

"Bibi, naomba lile jora."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kushona mayo za ekipe, vijana wavae uwanjani."

Bibi Sijaona alimtazama mpaka akamaliza kumtazama. "We Adija, una akili kweli? Sanda haiguswi na sindano. Inakatwa, inafungwa, basi. Ukishaitia uzi si ya maiti tena."

"Ndiyo maana nataka kuitia uzi," Adija akasema.

 Mzee wa watu alikuwa ameosha wengi mno miezi ile, wengine wadogo wa kuenea ndani ya beseni. Akainama, akavuta sanduku.

"Chukua. Ila ndiyo la mwisho. Mutu akikufa avenyu hii, mi nitamuvisha nini?"

"Asikufe mutu."

Adija alishona kama anayefunga mlango. Kila mshono aliupitisha mara tatu, bega, ubavu, kwapa, na kila akimaliza mmoja alivuta kwa nguvu zote aone kama utaachia. Moyoni alikuwa na hesabu yake, wala hakuona haya kwayo. Kitambaa kikishashonwa hakifai kumzikia mtu, basi aliyekivaa hatazikwa. Sheikh angesikia angemkemea. Namba za mgongoni alizidarizi kwa uzi mweusi, na ya Ilias, namba saba, aliirudia mara mbili zaidi ya za wenzake.

Na iliwezekana, nakwambia. Kizuizini waliwatazama wakacheka, wakawauliza kama ni mahujaji, wakawaruhusu. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mtaani watu wakaanza kuwaita watoto wa Adija. Aloys alikuja kumshukuru kwa niaba ya mama yake, akamletea dagaa wa ziwani Kajaga. Adija alianza kula vizuri. Jumapili ya mechi ya mwisho alimfungia Ilias kamba za viatu mwenyewe, kijana wa miaka kumi na tisa, na Ilias akamwacha afanye.

Walishinda mbili kwa moja. Pasi ya bao la pili ilikuwa ya Ilias. Walikuwa wanarudi wakiimba, saa kumi jioni, jua bado liko juu, risasi zikaanza kutoka upande hakuna anayeujua hadi leo. Hazikuwa za kuwalenga wao. Watu walikuwa wanapigana juu ya vichwa vyao tu. Vijana wakalala mtaroni, wakahesabiana, wazima kumi na wanne, Ilias kapigwa. Aloys alimbeba Ilias mgongoni mpaka avenyu ya kumi na mbili, na alipomlaza barazani, chini ya cherehani, alikuwa ameshakata roho.

Siwezi kusimulia sauti aliyoitoa mama yule, na sitajaribu.

Kesho yake mji ulifungwa. Hakuna duka, hakuna gari, askari kila kona, na habari ikaja kwamba njia ya makaburini itafunguliwa mpaka adhuhuri tu. Bibi Sijaona alifika alfajiri na beseni lake na kafuri kwa ajili ya wanaume watakaomwosha, bila sanda, maana jora lake la mwisho lilikwisha kwenye jezi. 

"Lete shuka safi," alimwambia Adija. "Hata la maua. Mungu haangalii maua."

"Apana." Adija alikuwa amekaa sakafuni kwenye miguu ya mwanawe. "Bafta yake ipo, imo kwenye jezi. Niliitoa kwenye sanduku lako kwa ujanja, nikifikiri nitamzunguka Mungu. Nataka arudishiwe kilicho chake. Baba yake sikumpa kitu. Huyu nitampa."

Aloys alikuwa mlangoni, akasikia. Akaivua jezi yake, namba moja, akaiweka kwenye beseni la kufulia. Wengine wakafanya hivyohivyo bila kuambiwa. Bonfils alizifua yeye, na taya lake ambalo lilikuwa halijakaa sawa. Jezi kumi na nne zikaanikwa, na jua la asubuhi likazikausha upesi. Ya Ilias, kwa damu na matundu ya risasi, haikuwa na sehemu ya kufaa.

Basi wakakaa barazani vifua wazi, kila mmoja na jezi yake na wembe, wakifumua. Sanda haiwi na mshono, na Bibi Sijaona hakukubali hata inchi moja ya uzi ibaki. Saa mbili ikawa saa tatu. Mabega yalikataa kuachia. Wembe ukaingia kwenye vidole, mmoja akaambiwa akae mbali asije akatia damu. Saa nne, nusu ya jezi zilikuwa bado nzima, na wabebaji wakaja kuuliza kama mambo tayari.

"Lakini nani alishona ngumu hivi?" Aloys alisema, kajisahau, anapambana na kwapa la jezi.

 Kijana akainua macho, akagundua alichosema.

"Mi," Adija akasema. "Lete."

Akaipokea, akasogea katikati yao, akaonyesha. Aliwaambia wasianzie pembeni, pembeni ndiko alikofunga fundo. Waanzie katikati, wakate moja waache mbili, kisha wavute kwa pamoja. Aliwafundisha polepole namna ya kuishinda kazi yake. Kila jezi ikafunguka, mbele, mgongo, mikono miwili, na Bibi Sijaona akavipanga vipande juu ya mkeka kimoja kikilalia kingine, hadi vikatosha kijana mrefu.

Uzi mweusi wa namba ulitoka wote, lakini matundu ya sindano yalibaki. Ukitazama kwa karibu ungesoma moja, nne, kumi na moja. Bibi Sijaona aliuliza kama avigeuze upande wa pili. Adija alisema aviache hivyohivyo, asiende peke yake.

Walimtoa saa tano na nusu. Timu nzima ilimbeba, vifua wazi, na kizuizini hakuna aliyewauliza rangi.