Barabara Iliyoshushwa Daraja

Saa moja asubuhi Bwana Nikodemo alikunjua kiti chake kando ya barabara iliyo juu ya Lukozi, akavaa miwani, akaanza kusubiri magari ayahesabu. Alitoka Tanga. Ofisi yake ilikuwa inapanga barabara kwa madaraja: yenye magari mengi ipandishwe na kumwagiwa kifusi, yenye machache ishushwe.

Wenyeji hawakuelezwa hivyo. Waliambiwa tu kwamba mgeni wa serikali atakaa barabarani kutwa nzima, na watu wale kwa mgeni hawana mzaha. Walifagia barabara, wakainyunyizia maji. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sharifu, akawaomba wenye malori wangoje chini sokoni mpaka jioni, wasije wakamtimulia mgeni vumbi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, kila mwenye lori anapanda kununua kabichi, na siku nyingine zote barabara ile haikupumua. Siku hiyo alipita bata. Bwana Nikodemo aliletewa chai na viazi, akashukuru sana.

Matokeo yalitangazwa baada ya sala ya Ijumaa: barabara imeshushwa, sasa ni njia ya miguu. Kulipokucha ilikuwa njia ya miguu. Kingo zake mbili zilikuwa zimesogeleana, ukabaki upana wa mtu mmoja na tenga lake. Nyumba ya Amiri na ile ya ng'ambo zilikuwa zimegusana mabaraza. Lori la Kornelio, lililolala huko juu likipakia, lilibanwa hata milango isifunguke. Kornelio alitoka kwa kupitia dirishani, akaomba maji ya kunawa uso.

Aliyeumia zaidi ni Zakia, mjane, ambaye kabichi zake zilikuwa zimekomaa shamba zima. Kabichi hizo ndizo zilikuwa ziwe mabati ya nyumba yake kabla ya masika. Alijitwika tenga akashika njia, na wenzake wote nao wakajitwika. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine. Kila walipokutana na mzee anayepanda, wa mbele alisimama, akatoa shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe, na foleni yote ikangoja nyuma yake, kwa sababu salamu haikatizwi. Walifika Lukozi soko limeshafungwa. Kabichi zilikuwa zinageuka manjano vichwani mwao.

Zakia alikwenda kwa Mzee Sharifu amejaa hasira, akamwambia amwite tena yule mtu wake. Bwana Nikodemo alikuja. Gari lake lilikomea sokoni, akaingia kwenye foleni ya wanaorudi juu na matenga yao yasiyouzwa, nyuma ya Zakia, akasimama humo mpaka alasiri. Alikanyagwa kiatu. Maji ya kabichi yalimdondokea kwenye shati.

Zakia alisema naye bila kugeuka, maana nafasi ya kugeuka haikuwepo.

"Msongamano umeuona, bwana?"

"Nimeona watu, mama. Sisi tunahesabu magari, na hapa halijapita hata moja."

"Lingepita wapi?"

Bwana Nikodemo alifikiri kwa dhati. Akasema hilo ni swali zuri, ila ni la idara nyingine.

Hapo mtu anatamani kupiga kitu teke, lakini hata teke halikuwa na pa kwenda. Wiki iliyofuata jibu lilikuja kwamba njia ile haina msongamano na daraja lake linabaki vilevile.

Mvua zilianza. Kabichi zilizobaki shambani zilipasuka, ng'ombe wakala mpaka wakazikinai. Ndani ya lori la Kornelio kuku wa Amiri walianza kutaga. Zakia aliezeka tena nyasi. Msimu uliofuata alipanda kabichi za kujaza tenga moja, na shamba lililobaki akaliacha liote majani.