Msalaba wa Shaba, Njia ya Kinsevere

Djuma aliutoa msalaba wa shaba kaburini kabla mkaguzi wa serikali hajauona. Kitu kikishatoka mahali pake, ni rahisi kukikana.

Kampuni ya mgodi wa Kinsevere ilitaka kupitisha barabara ya malori hapo. Sheria inasema wanaakiolojia wachimbe kwanza, na wakikuta kaburi, barabara ihame. Gaëlle ndiye mwanaakiolojia. Mimi ni mkubwa wa wachimbaji, na Djuma ni mmoja wao.

"Djuma, uliutoa juu ya nini?" nikamuuliza.

"Chef, shaba ilale inje, hapa kwetu? Asubuhi tungekuta shimo tupu. Niliificha mu ndoo."

Kwetu hata waya wa umeme unalala ndani.

Edmond, mwenye ofisi iliyotuajiri kwa pesa za mgodi, alifurahi mno. "Msalaba huo mtu ameununua sokoni. Mama Gaëlle, andika hakuna kitu."

"Siandiki."

"Kuko bengine ba kuandika."

"Bakuje baandike. Jina langu haliko ya kuuza."

Edmond akanigeukia. "Zakari, jaza shimo. Kazi ijayo, ya kule Kambove, unaitaka ao huitaki?"

Niliitaka sana. Nikatupa koleo chini, nikaketi ukingoni mwa shimo. "Lijaze mwenyewe, patron. Viatu vyako viko safi mno."

Wachimbaji wakacheka. Edmond hakushuka.

Gaëlle akamuuliza Djuma, "Uliiondoa na jembe?"

"Na vidole, mama. Polepole. Ni kaburi ya muntu!"

"Basi Mungu akubariki," akasema, akafunika shimo kwa plastiki.

Mkaguzi alipofika, Gaëlle akaifunua. Kwenye udongo palikuwa na alama ya kijani yenye mikono minne, na mfupa wa kifua chini yake ulikuwa wa kijani vilevile, kutu ya shaba ya miaka mingi. Akautoa msalaba ndooni, akaushika juu ya alama. Ukalingana, mkono kwa mkono.

Mkaguzi akamtazama Edmond. "Msalaba wa sokoni umepaka mfupa rangi lini?"

Edmond akatafuta simu yake mfukoni. Djuma alicheza pale pale, matope mpaka magotini, na sisi tukampigia ngoma kwenye ndoo. Mkaguzi akasimamisha kazi. Leo malori yanazunguka mbali, na kaburi liko mahali pake.

Gaëlle alifukuzwa kazi. Kambove walienda wengine. Djuma aliuza pikipiki yake apate kula. Mimi nalima mahindi Annexe, pembezoni mwa mji.