Karoti Pori za Ukingoni

Alichokiona kwanza ni kiua kimoja cheusi katikati ya mwavuli wa maua meupe. Alidhani ni nzi. Akampungia mkono, nzi hakuondoka. Alipoinama akagundua ni ua kweli, jekundu lililokolea mpaka likawa jeusi, dogo kama kichwa cha kiberiti. Kandokando yake nyuki na vinzi vyembamba vya manjano walikuwa wanakula kimya kimya, kama wageni wasiojuana waliowekwa meza moja.

"Unashangaa nini, Bubu?" msimamizi alimpigia kelele. "Ng'oa!"

Shambani wote walimwita Bubu kwa sababu ya haya yake. Lilikuwa shamba la karoti za mbegu. Zile za pori ziliota zenyewe ukingoni, na mdudu akitoka huku na chavua akaingia kule, mbegu zinaharibika: mtu anapanda karoti, anavuna mizizi myeupe, migumu kama kuni. Hilo Bubu alilielewa. Lakini ng'ambo ya uzio kulikuwa na mizinga ya shangazi yake aliyemlea, na katika ukame ule, karoti za shamba zikiwa bado hazijachanua, hapakuwa na ua lingine.

Aling'oa polepole, akivuta muda. Kila alipotupa mashina kwenye toroli, nyuki waling'ang'ania maua na kusafiri nayo mpaka kwenye moto wa kuchomea magugu. Akawapuliza. Wengine waliruka, wakazunguka, wakarudi palepale.

Kabla ya adhuhuri shangazi akatokea kwenye uzio. Bubu akaacha kung'oa. Shangazi huyu akianza kufoka, hata msimamizi hutafuta pa kujificha.

Shangazi alitazama toroli, akatazama moshi.

"Zote?"

"Zote, shangazi."

"Haya. Umetumwa, mwanangu, utafanyaje?" Akapenyeza kofia yake kati ya nyaya. "Vaa. Jua likikukaanga hivyo, mchumba utampata wapi?"

Akacheka peke yake, kicheko kikamwishia njiani.

"Nyuki watahama tu," akasema. "Wana mabawa."

Akageuka kwenda zake. Bubu akabaki na kofia mkononi. Nyuma yake msimamizi alikuwa anaita tena, na ukingo ulikuwa bado mweupe mpaka mwisho wa shamba.

"Shangazi!" Sauti ilimtoka kubwa, mwenyewe akaishtukia. "Tangu asubuhi nakungoja uje unifokee. Nilitaka unizuie."