Bega Lisilo na Matundu

Uongozi wa Makumbusho ya Sanaa ya Kidini ya Villarmosa uliwatangazia wageni wote kwamba mlango wa kushoto, ambao tangu zama za wajenzi wa kanisa ulifunguliwa kwa kuvutwa, sasa utafunguliwa kwa kusukumwa.

Bi Obdulia aliusukuma, akaingia na joho la buluu na mkebe wa pini. Misa ilikwisha kuhama humo. Sanamu za watakatifu zilibaki ndani ya vioo, kila moja na kibao chake. Mara moja kwa mwaka, mkesha wa sikukuu, Bikira Maria alitolewa kiooni, na Bi Obdulia, kama mama yake kabla yake, alimvisha huku akimnong'oneza sikioni majina ya wagonjwa wa mji. Mwaka huu jina la kwanza lilikuwa Fidel, mumewe, aliyengoja kupasuliwa.

Alipapasa bega la mti, akitafuta matundu ya pini za miaka yote. Bega lilikuwa laini kama yai.

"Bwana Evaristo," alimwita mkurugenzi, "huyu ni nani?"

"Bikira, Bi Obdulia. Amerudi kutoka kwa mafundi wa Madrid. Wameziba matundu."

"Ajuza wa miaka mia saba anarudi na ngozi ya bibi harusi?"

"Ndiyo kazi yao."

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Nilikukamata ukiiba mishumaa humu humu."

Jirani yake Casilda, aliyekuja kushika joho, alicheka. "Mvishe tu, shoga. Hata wewe ukipakwa rangi vizuri, hatutakujua."

"Mimi sinong'onezwi maradhi ya mtu, Casilda."

Evaristo akaleta picha za karakana: bega lenye matundu, kisha bega lisilo na matundu. Kwamba lilikuwa bega lilelile, picha hazikusema. Obdulia alizirudisha, akafunga mkebe. Akilinong'oneza gogo geni, Fidel ataingia kwenye kisu bila kutajwa popote. Na asiponong'ona, vivyo hivyo. Akadai kamati ya makumbusho iitwe.

Kamati ilikutana adhuhuri, ikaamua kwa kauli moja: hadi uchunguzi ukamilike, sanamu itahesabiwa kuwa ya asili katika ibada na kuwa yenye shaka katika maonyesho, itarudishwa kiooni na isitolewe, na mvishaji anaruhusiwa kunong'ona, mradi asimame upande wa nje wa kioo.