Bunduki Isiyoomba Risasi

Papa Hilaire Kabamba alipofariki nyumbani kwake Evere, Ubelgiji, familia yake ilifanya kosa ambalo majirani zao Wabelgiji wasingeliota. Haikugusa kitu.

Kwao Katanga, kabati la marehemu halifunguliwi mpaka matanga yavunjwe, na matanga hayavunjwi mpaka mkubwa wa ukoo afike. Mkubwa huyo alikuwa Tonton Donat, ami yao, mdogo wake marehemu, aliyekuwa Lubumbashi akisotea viza. Basi kabati likabaki limefungwa, makoti ndani, viatu ndani, na bunduki ndani, ile ambayo Papa Hilaire alienda nayo misitu ya Ardenne kila msimu wa nguruwe mwitu, na kibali chake mfukoni. Sheria ya silaha ya shirikisho haikuwa na habari ya viza ya Tonton Donat. Ilimpa mrithi muda mfupi wa kujieleza, na muda huo ulipita wakati familia bado inalia.

Victorine, binti mkubwa, muuguzi katika hospitali moja kule Jette, ndiye aliyegundua kwamba muda umepita. Alikwenda mwenyewe polisi kuuliza afanyeje, kwa kuwa alilelewa kusema kweli, na kweli ikamponza. Polisi wawili walikuja kuichukua bunduki. Walikuwa na adabu zao, hata viatu walifuta mlangoni. Wakasema itakaa kwao kwa muda, kisha itaharibiwa, isipokuwa sheria ibadilike.

Maman Thérèse, mama yake, aliwatazama wakitoka nayo. Alishika kitambaa chake cheusi akakikaza kichwani.

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Siku ya kuvunja matanga, silaha ya mwindaji huwekwa mkononi mwa mtu atakayeshika jina lake, mbele ya watu. Tangu hapo mtu huyo ndiye marehemu. Wajukuu humwita babu, mjane humwita kwa jina la mumewe, naye mjane huvua nguo nyeusi. Kama bunduki haipo, jina halishikwi, na nguo nyeusi haitoki. Victorine alijaribu kumshawishi mama yake kwamba fimbo ingefaa, au hata mwavuli wa baba, ule mkubwa wa mpini wa mti.

"Bwana yangu hakuwindaka na mwavuli," Maman Thérèse alijibu, na mjadala ukaishia hapo.

Victorine akapiga moyo konde. Kama ni sheria ibadilike, basi itabadilika.

Kwanza alimwambia mdogo wake Ghislain waandike maombi ya kibali cha kuirithi bunduki kwa jina lake, maana ndiye mwanamume na ndiye angeshika jina. Ghislain aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa akingoja uraia, na neno bunduki hakutaka kulisikia karibu na jina lake. "Andika yako, ya Victorine," alisema. "Weye uko déjà citoyenne." Victorine, aliyekwisha kuwa raia, akaandika jina lake, kwa hasira, bila kufikiria zaidi.

Kisha alikwenda kwa Lucien. Huyu alikuwa mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Likasi, kule Katanga, akawinda na Papa Hilaire miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kabisa. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji na walenga shabaha, na chama kilikuwa kinajiandaa kwenda mbele ya wabunge kudai sheria ilegezwe. Wanachama walikutana Etterbeek, nyuma ya mkahawa mmoja. Ukutani walibandika karatasi kubwa yenye madai yao kwa mpangilio wa umuhimu. Juu kabisa waliweka vibali visivyo na mwisho. Halafu kupunguzwa kwa ada. Halafu haki ya mwenye kibali kununua bunduki nyingine bila kuanza upya. Warithi walikuwa chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka.

"Tonton Lucien," Victorine alisema, "ile ya kwetu muliweka kwa mwisho kabisa, juu ya nini?"

"Mutoto yangu, wafu habapigake kura. Tuanze na bale banapiga risasi. Alors, kiisha tutaona."

"Ile mubunge ataikubali bila kupigana njo hii yetu. Muiweke kwa mbele."

Lucien alikuna kidevu. Akamwambia jambo alilokuwa amelificha. Mbunge mmoja alikuwa tayari kukubali kwamba mrithi abaki na silaha ya mzazi, ila bila risasi hata moja. Chama kilikataa. Bunduki bila risasi ni pambo la ukutani, walisema, na wakikubali hilo leo, kesho wataambiwa wote wageuze bunduki zao mapambo.

Victorine alisikia damu ikimpanda. Kumbe kitu alichokuwa akikitafuta usiku na mchana kilikuwa mezani, na rafiki wa baba yake alikuwa amekisukuma kando. Alimwambia hivyo hivyo, machoni. "Papa alikubebea nguruwe kwa mabega," alisema. "Leo unashindwa kumubebea bunduki yake."

Mzee wa watu akainamisha kichwa. Hakuibadilisha karatasi, wenzake wasingemruhusu. Ila alimpa Victorine nafasi ya kusema mbele ya wabunge, dakika chache za mwisho, aseme atakalo.

Siku yenyewe Victorine alivaa suti yake ya kanisani. Wanaume wa chama walisema kwanza, wakalalamika vizuri, kwa takwimu. Ilipofika zamu yake, mbunge mwanamke aliyekaa katikati hakumngoja aanze. Alimkumbusha, kwa sauti ya upole, kwa nini sheria hii ilipitishwa upesi namna ile. Mwaka uliotangulia, kule Antwerpen, kijana mmoja alinunua bunduki ya kuwindia, na siku hiyohiyo akaua mwanamke mweusi na mtoto aliyekuwa akimlea. Akamuuliza kama yeye, yeye hasa, anataka njia ya bunduki iwe rahisi tena.

Lucien alitazama viatu vyake. Swali hilo Victorine alikuwa amejiuliza mwenyewe ndani ya basi, asubuhi nyingi, akienda kazini.

"Niliandamana Antwerpen," alisema, kwa Kifaransa chake cha wodini, kisichopanda wala kushuka. "Nilitembea na mama yangu mpaka miguu ikavimba. Anayekwenda dukani kununua bunduki angoje, na angoje sana. Hilo msiliguse. Mimi sikwenda dukani. Mimi nilifiwa. Mtu mwenye hasira mnampa muda apoe, basi na mfiwa mpeni muda alie. Risasi sizitaki. Mkitaka, zibeni mtutu."

Nyuma yake wanaume wa chama walinong'ona. Kuziba mtutu hakukuwemo kwenye karatasi yao. Yule mbunge aliandika kitu, akamshukuru.

Victorine hakulegeza kamba. Alirudi kwa wabunge, akapiga simu, akawachosha makarani mpaka wakaijua sauti yake kabla hajasema jina. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa. Chama kilipata machache na kununa kwa mengi. Warithi walipata haki ya kubaki na silaha ya marehemu wao, bila risasi, na waliochelewa wakasamehewa. Lucien mwenyewe alimpeleka kwa gari kuichukua bunduki polisi. Walipofika Evere akasema, "Hilaire angecheka sana," kisha akageuka kupangusa kioo kilichokuwa safi.

Tonton Donat naye alikuwa amepata viza. Jumamosi ya kuvunja matanga sebule ilijaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Ghislain alisimama katikati, shati jeupe, mikono mbele. Tonton Donat akanyanyua bunduki.

"Tonton, ngojea," Victorine akasema.

Watu wakageuka.

"Kibali iko kwa jina yangu. Sheria inasema ni mimi tu njo nabaki nayo. Tukimupa Ghislain, kesho polisi banarudia, na safari hii banaichoma."

"Ni ya dakika moja tu, donc," Ghislain alisema.

"Niliapa mbele ya polisi sitamupa mutu. Hata dakika moja sikubali."

Alijua anachokisema mbele ya ukoo mzima, na alijua hajawahi kusikia mwanamke ameshika jina la mwindaji. Tonton Donat alimtazama Ghislain, akamtazama Victorine, akaitazama bunduki. Alikuwa mtu wa desturi, na desturi haikumpa jibu. Mwishowe akamgeukia mjane.

Maman Thérèse aliinuka kitini taratibu. Alifungua fundo la kitambaa cheusi, akakikunja kikawa kidogo, akakitia mfukoni. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi ambazo Victorine hakuwa ameziona.

Tonton Donat akaiweka bunduki mikononi mwa Victorine. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri.

"Hilaire," Maman Thérèse alimwambia binti yake, "weka hiyo kitu kwa kabati, ufunge, ukuye kula. Chakula inapoa."