Kiapo Changu kwa Ukaazi wa Agwang

Kila neno humu ni kweli tupu, na nikikudanganya hata kidogo, jino langu hili la mwisho ling'oke nikila bamia.

Agwang ni binti wa dada yangu Amongin, wa Molo huku Tororo, Uganda. Ana miaka saba katika ndoa na Phanuel Ojiambo, Msamia wa Busia upande wa Kenya, na wana watoto wawili. Sheria ya kule inamruhusu mke wa mwananchi, akishatimiza miaka mitatu ya ndoa, kuomba ukaazi wa kudumu. Basi akaomba. Kibali chake cha muda kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Faili lisipopokelewa kabla ya hapo, yeye arudi Molo na watoto wabaki na baba yao. Akatakiwa alete shahidi wa upande wake, mtu aliyeona mahari ikitolewa. Ndugu yangu Ojangole, aliyewapokea ng'ombe wa mahari kwa mkono wake, alikuwa anapalilia. Nikaenda mimi, Ikwap, mstaafu asiye na la kupalilia.

"Mjomba," Agwang aliniambia tukiwa kwenye boda, "jibu ile wanauliza tu. Usiongeza chumvi."

"Mimi? Chumvi?"

Akamwambia wa boda aongeze mwendo mpaka Busia.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba sisi tulipofika mlangoni, mkia wake ulikuwa bado Nagongera, huku kwetu Uganda, unanunua mihogo. Nimeosha matumbo ya ng'ombe machinjioni miaka thelathini na moja, lakini pale kinyaa kilinipanda kooni. Kuna dalali mmoja alikuwa anapitapita akilamba kidole gumba na kufunua fomu za watu. Aliifunua ya Agwang bila kuombwa, ute ukavutika kama wa mlenda.

"Mama, picha za harusi ninazo," akanong'ona. "Keki ipo, maua yapo, tunabandika sura yako tu."

"Toa mkono yako," Agwang akamwambia, akaipangusa ile karatasi kwa kanga yake.

Ndani tulimkuta afisa anaitwa Emoit. Akamgeukia Agwang, mbele yangu mimi, ndugu wa mama yake, akauliza:

"Mume wako hulala upande gani wa kitanda?"

Nikatazama dari. Dari nayo ilikuwa imejaa mavi ya mijusi.

"Upande wa ukuta."

"Ana kovu?"

"Kwa paja. La kushoto."

Yote akayaandika, polepole, kama anayepima nyama. Nchi gani hii inayotaka kujua paja la mtu ndipo imruhusu mkewe kulea watoto wake?

Ikawa zamu yangu. Nikaapa.

"Uliona mahari?"

"Niliona. Ng'ombe wanne na mbuzi."

Ningefunga mdomo hapo, tungekuwa nyumbani kabla ya chakula. Lakini Emoit alipiga mwayo. Mwayo, mbele ya hadithi yangu!

"Tena upendo wao, afande, ni wa ajabu," nikasema. "Phanuel huyu na mama mkwe wake wanakunywa ajono chungu kimoja! Wanakaa goti kwa goti, na mrija wake ukiziba anapokea wa mama mkwe, anaendelea kuvuta pombe."

Kalamu ya Emoit ikasimama. Agwang akajifunika uso.

"Mzee, mimi ni Mteso," Emoit akasema. "Mama mkwe wangu nikimwona sokoni nazunguka nyuma ya maduka. Wewe unaniambia mkwe amenyonya mrija uliotoka kinywani mwa mama mkwe?" Akatema mate dirishani. "Hata Wasamia hawafanyi hivyo. Kwa hiyo ama huyu Phanuel si mkwe wenu, na hii ndoa ni ya kununua pale nje kwa yule mlamba vidole, ama wewe ni mwongo. Chagua."

Akaanza kulifunga faili.

"Mjomba," Agwang akasema, "watoto yangu."

"Mimi ni mwongo," nikasema.

"Sikusikia."

"Mimi ni mwongo! Hawajawahi kukaa chungu kimoja."

Akanipa karatasi niandike hivyo kwa mkono wangu na kutia dole gumba. Ule wino ulinuka kama soksi. Kisha akasema ushahidi wangu ameufuta wote, pamoja na ng'ombe wale wa kweli, na akataka shahidi mwingine mwenye akili. Alhamisi Ojangole akaacha jembe, akaenda, akasema maneno kumi na mawili, akanyamaza. Faili likapokelewa, likapigwa muhuri, na Agwang akalala kwake Busia.

Jumamosi nikaitwa Molo. Habari ya mrija ilikuwa imenitangulia. Phanuel ameketi uani, kichwa chini, na Amongin yuko nyuma ya nyumba, kwa kuwa mkwe yupo. Sauti yake ikavuka ukuta:

"Umenivua nguo mbele ya serikali ya watu! Umemleta?"

Nilikuwa nimemleta: beberu wangu pekee, anayenuka mkojo wake mwenyewe, kamba mkononi. Faini ya heshima ya mkwe. Ojangole akamlaza, mimi nikashika miguu. Nyama yake ni ya wote isipokuwa mimi.

"Na kuku!" Amongin akaita. "Beberu ni wa goti kwa goti. Mrija una faini yake."

"Dada, kuku ninaye mmoja tu, naye anaatamia."

"Ulete na mayai."

Nikaenda kumchukua.